Mama Alisema Nini Hasa

4 Februari

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Hujambo? Na huo mgongo unakuruhusu kukaa kwenye cherehani? Mimi mzima, ila hadithi ya mama imenikwama pale mwisho. Baada ya mazishi uliniandikia kwamba "alipumzika salama, akituita sote." Nimeiandika hivyo hivyo, nikaisoma kwa sauti, nikaona haya. Mama wa mtu yeyote angeweza kufa hivyo. Wetu kijiko kikipotea alikuwa anakitukana kama mkwe! Mimi sikuwepo, dada, nimebaki na maneno yako tu. Niambie alivaa nini, alisema nini hasa.

Mdogo wako

19 Februari

Kasuku,

Marahaba. Mgongo upo, unalalamika kama kawaida. Wewe na maneno yako! Tangu utotoni ukitumwa chumvi unarudi na maswali. Haya, alivaa lile gauni la kijani. Kwapa la kushoto nimelishona na kulirudia mpaka uzi wa kijani ukaniishia, nikamalizia na mweusi. Maji alikunywa kwa kijiko cha chai. Taulo alitaka lile lililochakaa, jipya alisema linamkwaruza. Mengine andika alituita. Inatosha.

Dada yako

2 Machi

Dada,

Shikamoo, na pole na kazi. Huo uzi mweusi umeniliza ofisini mbele za watu. Mambo kama hayo ndiyo ninayoyataka! Sasa hilo "alituita" bado silioni. Alianza na nani? Kwa sauti gani? Usinifiche, nakuomba, mimi si mtoto.

Mdogo wako

11 Mei

Mdogo wangu,

Natumaini u mzima. Nilikaa kimya kwa sababu umeniudhi, na bado sijapoa. Unataka neno lenyewe? Lipokee. Hakuniita. Tangu akili zilipoanza kumpotea hakunijua tena. Aliniita "mama," vile mtu anavyomwita muuzaji sokoni. Kila asubuhi nikimkausha miguu ananiuliza kwa adabu zake zote: "Mama, una watoto? Mimi ninao wawili. Mdogo yuko mbali, anaandika vitabu. Mkubwa yupo hapa hapa mjini, lakini haji kuniona."

Haji kuniona! Na taulo ninalo mimi mkononi. Nilimjibu atakuja tu, mama. Mpaka siku ya mwisho nilimjibu hivyo. Umeridhika? Haya, tia kitabuni.

Dada yako

20 Mei

Dada yangu,

Shikamoo. Sijui hata nikuulize hali kwa uso gani. Nimelia mpaka mwenye nyumba akaja kugonga mlango. Nitaandika kwamba alikuita wewe, mwanzo na mwisho, na atakayebisha aje kwangu.

Ila kuna kitu. Unakumbuka siku ile ulipomwekea simu sikioni ukaenda kuchemsha maji? Aliniambia, "Kuna mwanamke ananiogesha hapa. Ana mikono ya mama yangu. Akinishika, siogopi." Nikadhani umeajiri mtu. Uliporudi nikakuuliza ni nani huyo, ukacheka, ukasema anaweweseka tu. Nami nikaliacha likapita. Jamani dada, alikuwa anakusema wewe.

Mdogo wako

3 Juni

Kasuku,

Marahaba. Mimi mzima. Barua yako imenikuta katikati ya gauni la bibi harusi, nikaliweka pembeni nisije nikalitia machozi. Nimekaa naitazama mikono yangu na matobo yake ya sindano. Bibi mzaa mama alikufa nikiwa mdogo, mikono yake siikumbuki hata kidogo.

Usiandike kwamba aliniita. Watasoma watu wote waamini, na mimi peke yangu nitajua kwamba hakuniita. Andika kwanza yule mkubwa asiyekuja. Kisha andika hiyo mikono, kwa maneno yake mwenyewe. Usiongeze la kwako.

Dada yako