Mguu wa Kushoto na Mbege ya Mama Mkwe

Jumamosi

Kesho lazima nimjibu muuzaji wa magari wa mtaa wa Soweto: tunanunua gari yake otomatiki ya klachi mbili, au tunabaki na manyuo yetu ya kukanyaga klachi, inayomuumiza goti mke wangu, Mama Neema? Anasema klachi zote mbili zinajikanyaga zenyewe. Hakusema mguu wangu wa kushoto ufanye nini.

Leo tuliijaribu mpaka Kibosho, mama mkwe yuko nyuma na ndoo ya mbege, pombe ya ndizi, mapajani. Kwenye kona mguu ukatafuta klachi kwa mazoea. Ukakuta breki, ukakanyaga mpaka chini.

Mbege yote ikammwagikia.

"Baba Neema," akasema taratibu, "kama gari inajiendesha, wewe si ungeshuka?"

Kurudi ameendesha Mama Neema, anacheka njia nzima, goti halimuumi. Tunainunua. Mguu wangu wa kushoto nimeukunja chini ya kiti, usiguse kitu.