Kopo la Ngumbao

Frere Town, Kisauni
Novemba 1944

Kwako Baba Ngumbao, huko Bama, ng'ambo ya Bara Hindi, uliko vitani,

Sisi wazima, na mbuzi wa mama yako kazaa mapacha. Leo nataka ucheke, basi soma taratibu.

Wajua mwanetu Ngumbao alikuwa akila huku akikonda, tumbo limemvimba kama ngoma. Mama yako akawaambia watu ni chirwa, yale maradhi ya mtoto ambaye mamake katoka nje ya ndoa. Nikamwambia, "Mama, twende sote hospitali."

Daktari akataka choo cha mtoto. Mama yako akaogopa nitakibadilisha! Akakitia mwenyewe katika kopo la sigara, akalifunga kwa jani la mgomba, akalipakata ndani ya basi, kavaa nguo yake ya kanisani. Abiria mmoja akadhani ni kitoweo, akaomba aonje.

Daktari alipokipima, akamwita mama yako achungulie kwenye hadubini. "Matone haya ni mafuta ya chakula. Yanapita tu, utumbo hauyachukui." Akakataza mkate, ule ule niliokuwa nikimlisha apate nguvu, akasema tumpe ndizi mbivu kwa wingi.

Jumapili iliyofuata mama yako alisimama mlangoni mwa kanisa. "Jamani, si chirwa! Nimeona kwa macho yangu!" Kisha akaniita "mwanangu" mbele ya wote.

Lile swali la barua yako, kama chirwa ni kweli, sikulijibu. Limejibiwa na choo cha mwanao.

Rudi umbebe. Kwa ndizi hizo, mimi uzito wake umenishinda.

Ni mimi mkeo,
Nyevu