Nati Sita, Jua la Ijumaa

Rongo, Kenya

Baba, shikamoo. Mama naye mwambie namwamkia. Kifua chake kinaendeleaje, na tangawizi imepata mvua? Mimi mwili ni mzima. Roho ndiyo haijatulia, na nakuandikia mwenyewe kabla hujaletewa habari hii na midomo ya watu.

Ijumaa iliyopita gereji yetu ilitoa gari la kupeleka maiti kutoka mochari ya Homa Bay hadi milima ya Gwassi. Marehemu aliitwa Owino. Mama yake ni Msabato kama sisi, akataka mwanawe afike nyumbani kabla Sabato haijaingia, azikwe Jumapili. Dereva nilikuwa mimi.

Gari lenyewe, la kuvuta magurudumu yote manne, lilikuwa likilia ka-ka-ka nikikata kona. Jointi ya ekseli ya mbele ilikuwa karibu kufa. Bosi akasema, "Itafika tu." Itafika! Kwani yeye ndiye angekwama kilimani? Nikajiandaa: ekseli ya spea yenye jointi yake tayari, grisi, sili za mpira, turubai la kutandika chini mchanga usiingie. Alhamisi nilifungua na kufunga upande wa kushoto, nilikodhani mlio unatoka, mara tatu, mpaka wenzangu wakanicheka: "Mtanzania, uko na mtihani?"

Kumbe sikio lilinidanganya, baba. Kilima cha mwisho, kwenye matope, ikavunjika jointi ya kulia. Ekseli ya kulia ni ndefu, na mimi nilibeba fupi, ya kushoto. Ilibidi niing'oe jointi mpya kwenye ile fupi, niipachike kwenye ndefu ya zamani, kazi ambayo sikuifanyia mazoezi hata mara moja.

Jointi ikagoma. Waombolezaji wawili wakashika ekseli, mimi nagonga, natukana kimoyomoyo, Mungu anisamehe. Mama Owino alikaa kando ya jeneza, anatazama jua likishukia ziwani.

Mwisho ikaingia. Nikarudisha gurudumu, zikabaki nati zake sita. Jua likazama. Mzee wa kanisa aliyetusindikiza akavua kofia. "Fundi, weka spana chini. Sabato imeingia. Tutaomba hapa hapa mpaka kesho jioni."

Nikaiweka chini. Ndivyo ulivyonilea.

Mama Owino akainuka, akaiokota matopeni, akaifuta kwa leso yake, akanirudishia. "Funga, nyathina," akasema, akiniita mwanawe kwa Kijaluo. "Mtoto yangu hawezi lala kwa barabara na nyumba yake naiona. Mungu akiuliza, mwambie ni mimi nimekutuma."

Nilifunga zote sita, baba. Owino akalala kwa mama yake. Mzee wa kanisa alipanda kwa miguu, hakukubali kuingia garini tena, na tangu hapo hajanisalimia.

Nisalimie shangazi wa kwaya, na mdogo wangu wa mwisho mwambie asome. Barua hii msomee Mama yote, usiruke kitu.

Kama nimekosa, niandikie wewe mwenyewe, nitatubu mbele ya kanisa. Ila usiniulize kama ningefunga tena. Ningefunga.

Mwanao,
Eliamini