Babu, Lumbesa Tumeikataa

Mpendwa Babu,

Shikamoo. Marahaba yako nitaipokea siku nikija huko, ila sina haraka.

Hapa Mkiwa, tunapopakia vitunguu kwenye malori, mimi ndiye mpakiaji mwenye nguvu kuliko wote. Najua ungeuliza, "Nani kasema?" Ndiyo ilikuwa dawa yako kwa kila mtu. Bibi akisema inasemekana mbuzi wa jirani wamekula mtama wetu, wewe unadakia, "Inasemekana na nani? Umewaona?" Naye anakujibu, "Hivi niliolewa na mwandishi au na polisi?" Miaka yote ile bandarini Dar, mchana unapakua meli na kuwatetea wapakuzi wenzako, jioni unaandika gazeti la chama chenu, halafu unastaafu, unarudi kijijini kumhoji Bibi, mke wangu, kwa ajili ya mbuzi.

Mimi shule iliniacha darasa la sita, lakini kusoma gazeti ulinifundisha wewe. Ulikuwa unanisomesha kwa sauti kibarazani. Tukifika "gunia lilimwangukia kibarua," unanizuia. "Gunia lina miguu? Nani alilijaza? Nani alimtwisha?" Nikawa nacheka, nikidhani ni uzee.

Sasa sikia. Mwezi uliopita rafiki yangu Yohana alianguka na gunia la vitunguu, mgongo ukamkatalia. Lilikuwa lumbesa, lile gunia linaloongezewa kilima juu na kushonewa wavu, mtu mmoja akabeba mzigo wa wawili. Safari hii sikucheka. Niliuliza nani alilijaza, mbele ya watu, kwa sauti yangu unayoijua. Wapakiaji wote tukagoma: hatubebi mpaka magunia yajazwe upya, kwa ujazo wa kawaida.

Kesho yake tajiri mwenye vitunguu akatuma mtu kwangu. "Mwambie aje ofisini peke yake, nataka kumfanya nyapara." Babu, nilishajiona nimeweka mikono nyuma, wenzangu wananiita bosi. Ningependeza. Nimefika mlangoni ndipo nikakusikia: "Tajiri akikuita peke yako, nendeni wawili. Ukitoka mle peke yako, hata ukisema kweli, wenzako watakuangalia mfuko."

Nikarudi kumchukua Yohana, tukaingia naye anajikongoja.

"Huyu nimemwita mimi?" tajiri akauliza.

"Hukumwita, mzee. Ila gunia lilimwangusha yeye. Kama ni unyapara, tuuongee akisikia."

Unyapara haukutajwa tena. Yohana alisema maneno machache tu: "Tajiri, mimi nina watoto, na mgongo ni huu huu mmoja." Mimi nikanyamaza. Mimi, Babu. Watu wangelipa kiingilio kuona. Tajiri akatoka nje kuagiza magunia yafunguliwe, vile vilima vipunguzwe.

Siku hizi nikisoma gazeti kwa sauti, huwa nangoja unizuie. Nafika mwisho wa habari hakuna aliyenizuia. Hapo ndipo panaponiuma.

Yohana ameanza kubeba tena, taratibu. Kila akiweka gunia begani ananitazama kama mimi ndiye niliyelipunguza. Bado sijamwambia ni wewe. Nitamwambia nikichoka kusifiwa.

Basi pumzika, Babu. Ukiwakuta wapakuzi huko, waache nao wapumzike.

Mjukuu wako