Samadi ya Baba Haikuishia Mtoni

Maabara ya Udongo,
Chumba cha nyuma,
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa kaka yangu Mluzi,

Shikamoo. Wifi na watoto hawajambo? Sisi tu wazima, ila mama anasumbuliwa na goti, na baba amezidi kuwa mkimya. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu ungenikatiza.

Juzi nilipita shamba la juu nikakumbuka tulivyobeba makarai ya samadi kabla ya shule, wewe mbele ukipiga mluzi, mimi nyuma nikilalamika. Darasani hakuna aliyetaka kukaa nami! Nazitamani siku zile, hata na harufu yake.

Nakumbuka pia siku uliyoondoka. Ulimwambia baba, "Unajichosha bure. Samadi yako yote inaishia mtoni." Tangu hapo hajabeba hata karai moja. Sasa analiuza shamba; mnunuzi anakuja mwisho wa mwezi.

Basi nikachimba udongo wake nikaupeleka kazini. Tuliushindilia kwenye mabomba, tukaumwagia maji ya samadi, tukakinga matone chini na kupima fosforasi, kile chakula cha mizizi kilichomo kwenye kinyesi na majani yaliyooza. Mchanga wa shamba la bondeni uliachia nyingi. Huko ulisema kweli. Lakini udongo mwekundu wa shamba la juu uliing'ang'ania karibu yote.

Si hivyo tu. Fosforasi ya zamani, ya makarai yetu, bado imo, haijashuka hata shubiri mbili. Imeshikwa mno mpaka mizizi haiipati, ndiyo maana mahindi yalidumaa. Vijidudu vya udongoni huifungua polepole, ukivisaidia kwa majani mabichi na chokaa kidogo. Nililia mbele ya fundi wa maabara, bila aibu.

Nilipomweleza baba alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Wewe unanibembeleza tu. Kaka yako anajua?" Ndipo nikachukua kalamu.

Kaka, mpigie. Neno lile ulilitoa wewe, na mimi siwezi kukuondolea.

Msalimie sana wifi, na wanangu waambie shangazi anawakumbuka. Mungu awafunike kwa rehema zake. Baba hakutumi salamu, lakini tangu jana amekaa kando ya simu, eti anangoja taarifa ya habari, na redio yenyewe haina betri.

Mdogo wako akupendaye daima,
Chiriku