Kwa Nini Uwanja Wetu Unaitwa LZ

Mjukuu wangu Salome,

Huku Kulesa tu wazima, na mpunga umeanza kuchanua. Unauliza kwa nini uwanja wetu unaitwa LZ.

Mwaka wa Elinino maji yalituzunguka, na mama yako akashikwa na uchungu, wewe umekaa vibaya tumboni. Helikopta ya jeshi ilipotokea, babu yako, askari mstaafu, akapiga kelele kwamba inataka LZ, yaani mahali pakavu pa kutua. Pakavu palikuwa hapo uwanjani tu, na pamejaa ng'ombe wa Godana, mfugaji Mworma tuliyegombana naye miaka mingi. Godana aliwaswaga majini, na wengine hawakurudi.

Siku hizi LZ tunafanyia harusi na kusuluhishia ugomvi. Ukija likizo, pitia kwa Godana kwanza. Kila mwaka huniuliza umefika kidato gani.

Bibi yako