Pole Mbili za Guangzhou

Guangzhou, 9 Machi 1998

Mwanangu Safia,

Nakusalimu salamu za miaka minane zilizokaa bila kutumwa. U mzima? Na mama yako Halyna je, kifua bado kinambana baridi ikiingia? Mimi sijambo, namshukuru Mungu, isipokuwa goti la kushoto linagoma kila nikipanda ngazi.

Barua hii itakushangaza. Niko China, mji wa Guangzhou, huu mwaka wa pili. Nanunua viatu na nguo katika maduka ya jumla ya Zhanqian Road, karibu na stesheni ya reli, nafunga marobota, napeleka Zanzibar. Ule uhandisi niliousomea kwenu Kharkiv umeishia kwenye kamba na mkasi. Basi jana akaingia dukani mama mmoja wa kwenu, mnunuzi wa majaketi, kafunga sampuli zake kwa gazeti la Kharkiv. Nami nikiona herufi zile macho hayatulii. Nikawa nalisoma gazeti huku laobani, yaani mwenye duka, ananipigia kelele kama nanunua au sinunui. Nikaona picha ya msichana kashika raketi. Chini wameandika: Safia Ilchenko, miaka kumi na minane, mchezaji wa tenisi wa kulipwa. Pua niliijua kabla sijafika kwenye jina. Ni pua ya mama yangu.

Nikamwomba yule mama gazeti lake. Aliponiuliza la nini nikalia mbele za watu, mtu mzima na ndevu zangu. Akanipa.

Natuma kwa anwani ya zamani, huenda mko papo hapo. Nieleze huo mchezo wako. Niandikie hata mistari miwili.

Baba yako,
Hafidh Vuai


Kharkiv, 2 Mei 1998

Shikamoo Baba,

Barua imefika. Mimi mzima. Mama mzima, kifua ni kile kile. Bibi yuko hai? Nijibu hilo kabla ya mengine.

Kiswahili changu kiliishia darasa la nne, siku ulipotupeleka uwanja wa ndege, kwa hiyo usitafute maneno mazuri humu. Tenisi ni hivi. Mimi ni wa mia nne na kumi na mbili duniani. Usicheke. Juu yangu wako wasichana mia nne na kumi na mmoja, na kumi na tisa kati yao nimeshawafunga. Nakwenda kwenye mashindano madogo, Poland, Uturuki, Uzbekistan, kwa treni na basi, peke yangu. Mwalimu wangu kahamia Ujerumani. Nyuzi za raketi anazifunga mama, jikoni. Wenzangu wana baba zao pembeni ya uwanja, wamewashikia chupa za maji. Yangu naishika mwenyewe.

Tuliondoka Zanzibar kwa msimu mmoja wa baridi, Baba. Ulisema utafuata. Nilipofika darasa la saba niliacha kuuliza.

Binti wa Halyna,
Safia


Guangzhou, 20 Juni 1998

Safia mwanangu,

Marahaba, na tena marahaba, hata ile uliyoiandika kwa hasira naipokea. Hali zenu? Bibi yako yu hai, macho tu yamepungua, mdomo haujapungua hata kidogo. Anauliza kama bado unakula ndimu kwa chumvi.

Unayonisema nastahiki. Nilisema nitafuata. Mwaka wa kwanza bibi yako aliumwa, sikuweza kumwacha. Mwaka wa pili nchi yenu ikavunjika, ikawa nchi nyingine, sikujua hata mlango wa kubisha. Mwaka wa tatu nikaona haya. Hapo ndipo kosa langu lilipo, wala silitafutii kisingizio. Ukishanyamaza muda mrefu, kila siku inayoongezeka inazidi kukufunga mdomo. Nimekukosa, Safia. Hapa mtaani Liuhua, tunapokaa, nikimwona mzee wa Kichina kamshika mjukuu mkono wanavuka barabara, nageuza uso.

Kuna rafiki yangu, Mulumba, Mkongo wa Lubumbashi, tunakaa hoteli moja. Mkristo mcha Mungu. Amekutia kwenye sala zake za Jumapili, mimi nimekutia kwenye za Ijumaa, kwa hiyo huna pa kukimbilia.

Baba yako,
Hafidh


Tashkent, 14 Septemba 1998

Shikamoo Baba,

Natumai goti limepoa na Bibi anaendelea vizuri. Mimi mzima. Ndimu kwa chumvi bado nakula, wenzangu wananiona mwendawazimu.

Novemba nakuja Guangzhou. Kuna mashindano madogo ya wanawake huko, nimejiandikisha. Nilipoliona jina la mji kwenye orodha nilikaa kitako sakafuni.

Sasa nisikilize vizuri. Nikishinda mechi mbili huko, nitaanza kuingia mashindano makubwa. Nikishindwa ya kwanza, basi. Mama ameshasema hana nguvu tena, mwakani nikasomee uhasibu. Nimecheza tangu nina miaka kumi na moja, sijui kingine. Na kuna sheria: mchezaji hafundishwi akiwa uwanjani. Mtu wake akisema neno, mara ya kwanza ni onyo, mara ya pili anapoteza pointi. Kiswahili hawakijui, kwa hiyo lolote utakalosema watadhani unanifundisha. Kaa kimya, Baba. Ukishindwa kabisa, kohoa.

Nitafika siku moja kabla na siku hiyo nitalala tu. Tuonane mechi ikiisha. Nataka tule wali wa nazi, mimi na wewe.

Mtoto wako, mpaka sasa,
Safia


Guangzhou, 18 Oktoba 1998

Mwanangu,

Marahaba mama. Hujambo wewe, hajambo mama yako? Mimi leo hata goti silisikii.

Tui la kopo limepatikana, mchele upo, jiko la umeme ni la Mulumba, naye kadai sahani yake mapema. Mazoezi ya kunyamaza nayo yanaendelea. Mulumba anafungua mpira kwenye televisheni, mimi nakaa namtazama mchezaji anaangushwa bila kusema kitu. Siku ya kwanza nilishindwa dakika ya nne. Juzi nilifika mapumziko.

Nimenunua shati jeupe. Nitakaa viti vya juu kabisa, usije ukanitazama ukakosea mpira. Nahesabu siku kama mtoto anayesubiri Idi.

Baba yako, mzima na mwenye furaha,
Hafidh


Guangzhou, 23 Novemba 1998

Mwanangu Safia,

Natumai umefika kwenu salama na umemkuta mama yako na afya njema. Mimi sijambo.

Nakutaka radhi sikukaa mpaka mwisho. Wakala wa mizigo alinitafuta, kontena linafungwa, ikabidi nitoke seti ya tatu haijaisha. Sikuona wala kusikia yaliyotokea baadaye. Mulumba ndiye aliyeniletea habari kwamba umeshinda, na ya pili umeshinda. Hongera sana mama. Nimemwandikia bibi yako, mtaa mzima wa Malindi kule Zanzibar utakuwa umeshajua.

Kutoonana usikutie moyoni. Najua ulichoka. Wali aliula Mulumba, akasema umezidi chumvi.

Baba yako,
Hafidh


Guangzhou, 17 Februari 1999

Safia,

Hujambo? Mama hajambo? Mimi sijambo.

Hii barua ya nne bila jibu, huenda ni posta. Wachina wako kwenye mwaka mpya wao. Zhanqian Road yote imefungwa, kila mtu kaenda kwao, sina hata wa kubishana naye bei. Nimeshinda chumbani na lile gazeti lako, mikunjo yake imeanza kukatika.

Hata ukiniandikia kunitukana, niandikie.

Baba yako


Kharkiv, 30 Aprili 1999

Shikamoo Baba,

Mwili wangu hauna neno. Mama anakusalimu. Wewe na Bibi natumai hamjambo.

Hakukuwa na kontena. Nilikuona ukitoka.

Nitaisema mimi, maana wewe hutoisema. Seti ya pili niliteleza nikaangukia goti, na kutoka juu kule nikasikia: "Pole, mwanangu." Sauti ile ile ya nilipokuwa naanguka ngazini nyumbani. Mwamuzi akanipa onyo, hakuuliza hata sauti ni ya nani. Sikukasirika, wallahi. Nilitaka kucheka na kulia pamoja, nikapoteza gemu tatu mfululizo. Seti ya tatu nikaanguka tena, nikachubuka kiwiko, na mpira ule ukamfikisha mwenzangu mwisho: akipata pointi moja tu, mechi yake. Nawe ukasema: "Pole, mama."

Mwalimu wake akanyanyua mkono. Safari hii mwamuzi akaniita kwanza kwenye kiti chake, akaniuliza kwa Kiingereza, kwa sauti, kipaza sauti kiko wazi: yule ni mtu wako? Kama ni wangu, pointi imekwenda, mechi imekwisha, mimi huyo nakwenda kusomea uhasibu. Nikamwambia simjui. Akanitazama mimi, akakutazama wewe. Pua ni moja, Baba, hata kipofu angeona. Akaniuliza mara ya pili. Nikasema simjui. Akamwita askari akutoe.

Ungeweza kusema wewe ni nani. Ulichukua mfuko wako ukatoka kabla askari hajapanda ngazi.

Nikashinda. Leo mimi ni wa mia mbili na sitini, na kila mashindano ninayoingia naingia kwa ushindi ule. Guangzhou nilibaki siku tatu. Siku ya mwisho nilikuja Zhanqian Road. Nilisimama ng'ambo ya barabara, nikakuona unagombana na mtu juu ya marobota, mikono juu, shati jeupe. Ningevuka na uso gani? Nikaita teksi nikarudi hotelini.

Nakosa usingizi. Nakukosa wewe. Sijui niombe radhi kwa maneno gani, darasa la nne hawakutufundisha.

Safia, mtoto aliyekukana


Guangzhou, 6 Juni 1999

Safia mwanangu,

Marahaba, marahaba mia. Sisi huku wazima wote. Na wewe nataka ulale, usingizi si wa kuchezea.

Ndiyo, nilisikia. "Simjui" kwa Kiingereza kila mfanyabiashara analielewa. Sikufichi, iliniuma. Nilitembea kwa miguu kutoka uwanjani mpaka Liuhua, kama saa mbili, na njia niliyopita siikumbuki. Lakini nilipofika nilikuwa nimeshakusamehe, na hilo neno lenyewe naona haya kulitumia. Wewe ulinikana dakika moja. Mimi nilikukana miaka minane, tena hakuna mwamuzi aliyeniuliza.

Ile ya kontena niliitunga ili usibebe mzigo. Naona umeubeba vile vile. Utue sasa.

Cheza, mwanangu. Ila mimi uwanjani sitokuja tena. Si hasira. Huu mdomo siuamini. Kwetu mtu akianguka mbele yako ukanyamaza, watu watauliza umelelewa na nani, na akiwa mwanao ndiyo kabisa. Mwezi mzima nilifanya mazoezi na Mulumba, na goti lako lilipogusa chini neno likatoka lenyewe. Siwezi kukuponza mara ya pili. Ukija tena mji huu, cheza kwa raha zako, mimi nitakusubiri hotelini. Nimeshakuona mara moja, wengine hawapati hata hiyo.

Baba yako,
Hafidh


Kharkiv, 8 Septemba 1999

Shikamoo Baba,

Hujambo? Goti je? Bibi mwambie namkumbuka. Mimi nalala sasa, si sana, lakini nalala. Mama kaacha kuutaja uhasibu.

Novemba narudi Guangzhou. Kuna fomu wanayotupa, kila mchezaji anaandika watu wake wanaokaa viti vya mbele, nao wanapewa kitambulisho cha kuvaa shingoni. Pa kujaza ni pawili: jina, na uhusiano. Miaka yote napapiga mstari. Chini yake wameandika kwa wino mwekundu kwamba mtu aliyetajwa humo akisema neno, adhabu ni ya mchezaji, na akizidisha mchezaji anapoteza gemu nzima. Mama alisoma akaniuliza, si utashindwa? Nikamwambia huenda.

Nimeituma jana. Nimeandika Hafidh Vuai. Kwenye uhusiano nimeandika "baba", kwa Kiswahili, wakatafute wenyewe maana yake.

Kwa hiyo hotelini hutokaa. Kiti chako kiko hatua nne nyuma ya changu, na maji yangu utashika wewe. Nitaanguka, Baba, sijawahi kucheza mechi bila kuanguka. Usinyamaze. Pointi waichukue.

Mwanao,
Safia Hafidh Vuai